Cheo Kiishie Nje ya Makaburi

Daraja la Mto Kilombero, pale Kivukoni, lina urefu wa mita 384. Rais John Pombe Magufuli alilizindua tarehe 5 Mei 2018, nalo likaitwa kwa jina lake angali hai, mwenye nguvu na sauti iliyofika mbali. Haikutimia miaka mitatu. Usiku wa tarehe 17 Machi 2021, Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alitokea kwenye televisheni akatutangazia kwamba Rais amefariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 61, umri ambao hapa kwetu mtu bado anaingia shambani na jembe lake na ngwe anaimaliza.

Nisieleweke vibaya. Mimi ni mmoja wa walioliombea daraja lile. Anayelikumbuka pantoni anajua tulikotoka. Masika mto ulipofura, wagonjwa kutoka Lupiro, Mahenge na Malinyi waliokuwa wakija Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara walikaa ng'ambo wakiyatazama maji. Mama mwenye uchungu wa uzazi alikaa hapohapo, na mama yake mzazi pembeni akisali rozari. Januari 2016 dhoruba ilikipindua kivuko cha MV Kilombero II kikazama, na waliokuwa ndani walipambana na mto wenye mamba. Ujenzi wa daraja ulianza wakati wa Rais Kikwete ukakamilika wakati wa Magufuli, na wote wawili Mungu awalipe. Kila nipitapo pale namwombea marehemu pumziko la milele, tena kwa moyo.

Lakini jina lile juu ya maji linanikalisha kimya. Mtu wa Ifakara anayesafiri leo anaweza kutoka Mahenge, akavuka kwenye Daraja la Magufuli, akapanda basi, na jioni akashukia Dar es Salaam kwenye Stendi ya Magufuli pale Mbezi, ambayo nayo ilizinduliwa na mwenye jina mwenyewe tarehe 24 Februari 2021. Kati ya siku ile ya uzinduzi na siku ya tangazo la kifo ni majuma matatu. Daraja lipo, stendi ipo, na mwenyewe amelala Chato tangu tarehe 26 Machi mwaka ule. Majina yale hayakumwongezea saa moja.

Naandika haya kwa sababu moja. Sisi wa bonde hili, Wakristo na Waislamu, tunakiri kwa midomo kwamba mwanadamu ni mpita njia, lakini tunaiendesha misiba yetu kana kwamba mtu anaweza kufa na cheo chake kikabaki hai. Tumekibeba cheo mpaka kaburini, tumekipa kiti cha mbele na kipaza sauti. Hilo nalipinga, na nalipinga kwa jina la dini yangu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Mkatoliki, na kwa miaka mingi sasa ni katibu wa kamati ya mazishi ya mtaa wetu. Kazi yangu haina ufahari. Natunza daftari la michango, napeleka taarifa nyumba kwa nyumba, natafuta turubai na sufuria, nawapanga vijana wa kuchimba. Daftari letu ni moja kwa dini zote. Ukurasa huohuo utaona jina la mchunga mifugo, la mama muuza kambale, la mfanyabiashara mwenye mashine ya kukobolea mpunga, na kiasi alichotoa kila mmoja alipofiwa mwenzake. Nimeingia kwenye nyumba za vigae na za makuti siku ileile mbaya kwao, na nimeona yale ambayo mtu haonyeshi siku nyingine.

Niseme habari ya udongo wetu, maana wasomaji wa huko milimani hawaujui. Ifakara imekaa bondeni, kati ya Milima ya Udzungwa na uwanda mpana ambao Kilombero huufunika kila masika. Sehemu za chini za mji, upande wa Mto Lumemo, ukichimba wakati wa mvua huhitaji kwenda mbali kuyakuta maji. Vijana wetu wakichimba kaburi mwezi Aprili, kufika kiunoni udongo mweusi unaanza kutoa jasho. Kufika kifuani wameshasimama kwenye tope. Kuanzia hapo mmoja anachimba na mmoja anateka kwa ndoo, na mpaka jeneza linashushwa bado kuna mtu anateka. Ukiacha kuteka kwa nusu saa, kaburi linakuwa kisima.

Maji haya hayajawahi kuniuliza ninayemzika ni nani. Tumemzika ndani yake mzee ambaye hakuna aliyejua ukoo wake, aliyekuwa akilala kwenye kibanda cha soko, katika jeneza la mbao nyepesi tulilochangiwa. Tumewazika ndani yake wakubwa katika majeneza ya mtiki, ule mti wa thamani ambao bonde hili hupanda na kuuza nje, yenye vishikio vya kung'aa na kioo usoni. Nimesimama ukingoni mara zote hizo nikiwa na daftari kwapani. Sauti ya jeneza linapogusa tope ni ileile.

Kuna mazishi ambayo siwezi kuyasahau, na sitamtaja marehemu wala kijiji chake, kwa kuwa familia haikukosa lolote. Alikuwa mtu aliyeshika madaraka makubwa. Kaburi lilikuwa tayari saa nane mchana. Wachimbaji walituambia mapema kwamba wingu la Udzungwa limekuwa zito, tufanye haraka. Tukaambiwa tusubiri, kuna mheshimiwa yuko njiani. Alipofika, akitanguliwa na king'ora msibani, watu walisimamishwa mikekani ili magari yapite. Kisha likaanza lile tunalolijua sote. Mshereheshaji akataja waliokuwepo mmoja mmoja kwa vyeo vyao, na kila aliyepewa kipaza sauti akaanza upya kuwataja walewale kwa vyeo vilevile kabla ya kusema kwamba itifaki imezingatiwa. Mmoja alieleza miradi ya maendeleo. Mwingine alizungumzia uchaguzi uliokuwa unakuja. Marehemu alikuwa katikati yetu, chini ya turubai, na hakuna aliyekuwa anamzungumzia.

Mvua ikashuka. Vijana wawili walikuwa mle ndani ya kaburi wanateka maji, wakawa wanateka bila kupumzika, na maji yanapanda. Mjane alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, na maji ya turubai yanamdondokea begani, kwa sababu viti vyenye vitambaa vyeupe vilikuwa vya wageni. Padre alikuwa amesimama na kitabu chake cha sala amekifunika kwa kanzu. Sala ya mwisho ilisaliwa kwa haraka, karibu gizani, kwa kuwa muda wake ulikuwa umekwisha kuliwa. Nilimtazama yule mama nikajua kwamba tumemkosea, na tumemkosea Mungu aliyempa marehemu miaka yake yote na sasa alikuwa anamwita.

Jirani zangu Waislamu wamehifadhi jambo ambalo sisi Wakristo wa mijini tumelipoteza. Kwenye msikiti wa mtaani kwao kuna jeneza moja. Akifa tajiri linatoka, akifa maskini linatoka, na baada ya maziko linarudi msikitini likingoja mwingine. Maiti anashushwa na sanda yake, analazwa ubavu wa kulia kwenye mwanandani, ameelekezwa Kibla, na udongo unarudi. Haliingii kaburini hata lile jeneza. Mara nyingi mtu amefariki usiku na adhuhuri ameshazikwa, na yule aliyetaka kuja na msafara amekuta watu wanatawanyika. Sisemi kwamba kwao hakuna mashindano, maana khitma nazo siku hizi zina wapishi wa kukodi. Lakini pale kaburini penyewe wameukataa ufalme wa mtu.

Sheikh mmoja wa mtaani kwetu, rafiki yangu wa miaka mingi, alinisimulia habari ya Nabii Suleiman tulipokuwa tunarudi kutoka kuzika. Nayo imo katika Kurani, katika Sura ya Sabaa. Suleiman alipewa ufalme ambao hata majini walimtumikia. Alikufa akiwa ameegemea fimbo yake. Majini wakaendelea na kazi ngumu, wakiogopa, kwa sababu mfalme amesimama na anawatazama. Hawakujua kwamba wanamwogopa maiti, mpaka mchwa alipoila ile fimbo na mwili ukaanguka. Yeyote aliyewahi kuweka nguzo ya mti bondeni kwetu anajua kazi ya mchwa ilivyo ya kimya. Nimelitafakari sana lile neno. Katika dunia ya Suleiman, kwa muda ule, mwenye habari sahihi kuhusu hali ya dola alikuwa mchwa peke yake.

Na bonde letu limeshuhudia fimbo nyingi zikiliwa. Wajerumani walikuwa na ngome yao Mahenge, na ukitaka kujua walivyojiona, fikiri kwamba mtu wa Ifakara alitozwa kodi na kutumikishwa kwa jina la Kaiser Wilhelm wa Pili, ambaye hajawahi kumwona wala hatamwona. Tarehe 30 Agosti 1905, katika Vita vya Maji Maji, Wapogoro na Wambunga kwa maelfu waliivamia ngome ile. Waliamini kwamba maji waliyopewa yatazigeuza risasi. Juu ya ngome kulikuwa na bunduki za rashasha, zile ambazo wazee wetu waliziita bombomu. Waliokufa pale chini ya kilima hawajaandikwa majina popote. Baadaye majeshi yalichoma vyakula na mashamba, njaa ikaingia, na njaa iliua kuliko risasi. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kwamba waliokufa kusini kote katika vita vile na njaa yake ni kati ya watu 250,000 na 300,000.

Gavana aliyeongoza kazi ile, Graf von Götzen, aliondoka nchini mwaka 1906, na mwaka 1910 alikuwa amekufa. Oktoba 1917 Wabelgiji waliingia Mahenge. Novemba 1918 Kaiser mwenyewe alikimbilia Uholanzi, akavuliwa ufalme, akaishi kwenye nyumba moja pale Doorn kwa zaidi ya miaka ishirini akipasua kuni kila siku kujipa shughuli, mpaka alipokufa mwaka 1941. Yule ambaye kwa jina lake watoto wa Mahenge walikufa njaa alimaliza siku zake na shoka mkononi katika nchi ya watu. Kutoka moshi wa bombomu hadi kukimbia kwake ni miaka 13 tu. Mtoto aliyezaliwa kwenye njaa ile alikuwa bado hajaoa.

Baada yao Waingereza, nao wakaondoka 1961. Watemi wetu nao, waliokuwa wanatandikiwa ngozi na kupigiwa vigelegele, waliondolewa kwa sheria mwaka 1963, kwa karatasi iliyopigwa kura Dar es Salaam. Mtema Towegale Kiwanga wa Wabena wa bonde hili alisimulia habari za watu wake, zikaingia katika kitabu kilichochapwa mwaka 1935. Utemi haupo. Yale aliyoyasimulia yapo, na wajukuu wa watu wake wanaweza kuyasoma.

Reli ya TAZARA inayopita hapa Ifakara ni habari nyingine ya namna hiyo. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, kwa makubaliano ya wakubwa watatu: Nyerere, Kaunda na Mao. Ilikabidhiwa rasmi Julai 1976, na Septemba mwaka huohuo Mao akafa. Nyerere alifuata mwaka 1999, Kaunda mwaka 2021. Wengi wa wafanyakazi wa Kichina waliofia kazini wamelazwa Gongo la Mboto, mbali na mama zao, na wapasua mawe wetu waliofanya nao kazi wamezeeka au wametangulia. Mama wa Mlimba anayepanda treni na magunia yake ya mchele haulizi nani alitia saini. Kwangu mimi hilo ndilo lililo zuri katika reli ile: inambeba.

Nirudi kwenye mwaka 2021, kwa sababu Mungu alisema nasi kwa sauti mwaka ule na sidhani kama tulisikiliza. Tarehe 17 Februari, siku moja, walifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 17 Machi, akafariki Rais. Na tarehe 21 Machi, wananchi walipofurika Uwanja wa Uhuru kumuaga, ilitokea msongamano na watu 45 wakafa. Naomba msomaji usimame hapo kidogo. Watu 45 waliamka asubuhi wakavaa nguo safi kwenda kumwona mkubwa amelala, na jioni walikuwa wamelala wao. Jina la Rais litasomwa vitabuni kwa miaka mia. Majina ya wale 45 yanasomwa kwenye misa za majirani na kwenye dua za nyumbani. Mbele ya Mungu ninayemwamini, hakuna jina hata moja kati ya yale 46 linaloandikwa kwa herufi kubwa kuliko lingine.

Kanisa langu lina desturi ambayo inasema haya vizuri kuliko mimi. Jumapili ya Matawi tunatoka na matawi mikononi, tunamshangilia Mfalme anayeingia Yerusalemu. Tunayapeleka nyumbani, tunayachomeka juu ya mlango, yanakauka kwa mwaka mzima. Mwaka unaofuata, kabla ya Kwaresima, matawi yaleyale yanakusanywa, yanachomwa, na Jumatano ya Majivu padre anatupaka majivu yake kwenye paji la uso, diwani na mpagazi kwenye mstari mmoja. Shangwe ya mwaka jana ndiyo majivu ya mwaka huu. Na wale waliopunga matawi Jumapili ndio waliodai msalaba Ijumaa. Hapo sisi tunaotawaliwa tunaguswa moja kwa moja.

Maana lawama haziwaendei wakubwa peke yao. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 12, kuna habari ya Herode Agripa, aliyekaa kwenye kiti chake pale Kaisaria na mavazi ya kifalme, na umati ukapiga kelele kwamba sauti ile ni ya mungu. Hakukataa. Akapigwa na kuliwa na chango. Wahubiri wengi wanaishia kwa Herode. Mimi nauona pia ule umati. Nchi ya watu wale ilitegemea chakula cha mfalme, ndiyo maana walimsifia. Ni nani kati yetu hajafanya hivyo? Nimeona wanafunzi wakisimamishwa juani tangu asubuhi kusubiri msafara. Nimeona wazee wenye mvi wakimwinamia kijana aliyeteuliwa juzi. Halafu kijana yuleyule alipotenguliwa, wale wazee waligeuza shingo. Kuna mtu aliyewahi kuwa na amri kubwa katika sehemu hizi, nilimkuta stendi amekaa kwenye begi lake kati ya magunia, anasubiri basi, na watu waliokuwa wakikimbilia kumfungulia mlango wa gari wanampita. Nilikaa naye. Hakulalamika. Aliniambia kwamba kinachomuuma si kupoteza gari, kinachomuuma ni kwamba alipokuwa nalo alidhani wale watu wanampenda.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba Maandiko yanatuagiza kuwaheshimu wenye mamlaka, na Mtume Paulo aliwaandikia Warumi hivyo. Nakubali, na darasani nimefundisha hivyo. Lakini Paulo huyohuyo mamlaka ya Roma ilimuua, na mapokeo yetu hayasemi kwamba aliomba kiti cha mbele. Heshima kwa kiongozi ni kumtii katika haki, kulipa kodi, kumwombea, na kumwambia ukweli akiwa bado na masikio ya kuusikia. Kumsomea vyeo juu ya maiti ya mwenziwe hakumo. Nitaambiwa pia kwamba familia inafarijika kuona wakubwa wamekuja. Hilo ni kweli, na mgeni aje, awe nani awe nani. Aje akae mkekani na wafiwa kama jirani, amshike mjane mkono, amnong'oneze pole. Faraja hiyo mjane ataikumbuka kuliko hotuba.

Wengine wananiambia jeneza la gharama ni haki ya mtu na fedha yake. Mimi ndiye ninayeshika daftari, najua linavyokwenda. Mwenye nazo akinunua la mtiki, asiyekuwa nazo anaona aibu kumzika baba yake kwenye mbao nyepesi, anakopa. Nimeona mpunga ukiuzwa ungali shambani, kwa bei ya kutupa, ili baba apate kioo usoni. Msimu unaofuata watoto wa nyumba ile wanakula mlo mmoja. Wafu hawana faida yoyote katika hilo, na walio hai wanaumia. Tumeuhamishia msiba ushindani uleule wa ukubwa ambao kifo kilikuja kuumaliza.

Mwalimu Nyerere nampenda kwa mambo mengi, na moja ni hili: Novemba 1985 aliondoka Ikulu kwa miguu yake, akarudi Butiama akalima. Alikivua cheo mapema, akaishi karibu miaka 14 bila hicho cheo, kifo kilipomkuta London hakikuwa na cha kumvua. Mungu hamjalii kila mtu fursa hiyo. Lakini kila mwenye cheo, hata wa nyumba kumi, hata mimi katibu wa mazishi, anaweza kuanza kukivua leo kwa kufanya kazi yake kana kwamba kesho itasomwa mbele ya Yule asiyesomewa itifaki.

Katika mtaa wetu tumeanza. Tumekubaliana katika kamati, Wakristo na Waislamu, kwamba kaburini hakuna hotuba. Anayetaka kusema aseme nyumbani, kwa ufupi, na asimulie habari za marehemu. Viti vya mbele ni vya wafiwa na wazee wasioweza kukaa chini. Kaburi likiwa tayari tunazika, hatusubiri msafara wa mtu. Na tumeomba fundi wetu atengeneze jeneza la aina moja kwa nyumba zote zitakazokubali, mbao imara, bila kioo. Baadhi wamekataa, na hatuwalazimishi. Lakini zimekubali nyumba mbili ambazo sikutegemea, moja ikiwa ya mtu mwenye uwezo mkubwa.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu msomaji. Kama wewe ni mjumbe wa kamati ya mazishi popote Tanzania, lipeleke jambo hili kwenye kikao chenu kijacho. Kama wewe ni diwani, na kuna shule au barabara inayotafutiwa jina, msiipe la mtu aliye hai. Subirini, wananchi wataona wenyewe aliwatendea nini. Kama wewe ni padre, mchungaji au sheikh, chukua kipaza sauti, maana saa ile ni ya kwako kwa niaba ya Mungu. Na kama wewe ni kiongozi, na msibani wamekutengea kiti chenye kitambaa cheupe, mpe mjane.